Mnara Usiokamilika: Gesi Yetu na Ndoto ya Dizeli ya Nyumbani



Katika semina za viongozi wa walei, iwe ni huku juu Umatengoni au kule chini mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, kuna swali ambalo hatulikosi. Mtu husimama, aghalabu mwenye mashine ya kusaga au mwenye lori la kubeba mahindi, akauliza: "Baba, tunaambiwa nchi yetu ina gesi nyingi baharini. Tunasikia pia kwamba huko Uarabuni gesi inageuzwa kuwa dizeli. Kwa nini basi sisi tununue dizeli kwa bei hii, na gesi yetu imelala chini ya maji?" Na mara nyingi mwenzake huongeza, kwa kutumia Injili, kwamba gesi iliyolala ni kama ile talanta ambayo mtumishi mwoga aliifukia ardhini.

Swali hili ni la haki, na linatoka kwa watu waliolipa gharama mifukoni mwao. Halistahili kujibiwa kwa mzaha wala kwa kauli za jukwaani. Tumeona vema kulijibu kwa hesabu, kwa kuwa hatukubali kwamba hesabu za mali ya taifa ni siri ya wataalamu peke yao. Bwana wetu mwenyewe, alipowafundisha makutano gharama ya kumfuata, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: mwenye busara hupima kwanza kama anacho cha kumalizia, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia (Lk 14:28-30). Twasema wazi tangu mwanzo: katika jambo hili la gesi na dizeli, mfano unaotufaa ni ule wa mnara, wala si wa talanta.

1. Gesi iliyokwama ni gesi gani?

Mto Ruvuma unaanzia kwetu, katika milima ya Matogoro karibu na Songea. Unashuka kuelekea mashariki, unakuwa mpaka wetu na Msumbiji, na mwisho unaingia Bahari ya Hindi. Ni kule unakoingilia, pande zote mbili za mpaka, ambako gesi nyingi imegunduliwa. Upande wetu gesi ilipatikana kwanza Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay mwaka 1982. Tangu mwaka 2010 visima vya bahari kuu vikaongeza kiasi hicho mara nyingi, hata serikali ikatangaza jumla ya futi za ujazo trilioni 57 na zaidi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo iko bahari kuu. Mahali pengine ni kiasi cha kilomita 100 kutoka pwani, penye kina cha maji kinachozidi meta 2,000.

Wataalamu huita gesi ya namna hii "gesi iliyokwama". Haikukwama kwa sababu haijulikani ilipo, bali kwa sababu gharama ya kuifikisha kwa mnunuzi ni kubwa mno ikilinganishwa na bei atakayolipa. Watu wa Liuli na Mbamba Bay hawahitaji kufundishwa jambo hili. Usiku wa neema, usipa hujaa mitumbwini. Lakini usipa wabichi hawafiki Songea wakiwa wazima, bila barafu na bila gari. Siku hiyo usipa wamekwama, ingawa ziwa limejaa. Ndiyo maana kina mama huwaanika juani mpaka wakauke. Wakikauka, uzito umepungua na kazi imeongezeka, lakini sasa wanaweza kusafiri mpaka Njombe. Na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hasara ni ya aliyeanika.

Kugeuza gesi kuwa kitu kinachosafiri ni kama kuanika usipa. Ziko njia kadhaa. Ya kwanza ni bomba, kama lile la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015. Ya pili ni kuigandisha kwa baridi kali hata iwe kimiminika, ipakiwe melini, kama inavyokusudiwa Likong'o, Lindi. Ya tatu ndiyo ile inayoulizwa katika semina zetu: kuibadilisha asili yake kabisa, iwe dizeli.

2. Namna gesi inavyogeuzwa dizeli

Elimu yenyewe si ngeni. Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, waliigundua katika miaka ya 1920, wakati nchi yao ilikuwa na makaa ya mawe tele na mafuta kidogo. Gesi, au makaa ya mawe yaliyochomwa hadi yakawa gesi, huvunjwa kwanza kwa joto kali, kwa msaada wa mvuke na oksijeni. Hapo hupatikana mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksidi. Mchanganyiko huo hupitishwa juu ya kichocheo cha chuma au cha kobalti, na kinachotoka ni kitu kama nta. Nta hiyo hukatwakatwa tena kiwandani ikawa dizeli, mafuta ya taa, na mafuta mepesi yatumikayo kutengenezea plastiki.

Dizeli hiyo ni safi kuliko ya kawaida, haina salfa. Lakini kila hatua ina makato yake. Kwa kawaida zinahitajika karibu futi za ujazo 10,000 za gesi ili kupata pipa moja la mafuta, yaani lita 159, na zaidi ya theluthi moja ya nguvu iliyokuwa ndani ya gesi hupotea njiani. Tena mvuvi mwenye injini ya petroli ajue kwamba kiwanda cha namna hii hutoa hasa dizeli. Petroli ya boti yake haitoki humo kwa urahisi.

3. Hesabu ya mnara

Sasa tuketi tuhesabu. Gharama ya pipa moja ina mafungu makubwa mawili: bei ya gesi inayoingia, na fedha za kujengea kiwanda.

Fungu la gesi ni rahisi kulikokotoa. Gesi ikiuzwa kiwandani kwa dola 1 kwa kila futi 1,000, pipa limekwisha kula dola 10 za gesi. Ikiuzwa kwa dola 3, pipa limekula dola 30. Ikiuzwa kwa dola 5, ni dola 50.

Fungu la ujenzi ndilo linaloangusha wengi, na hapa tutoe mifano miwili ya kweli. Kiwanda cha Oryx nchini Qatar, kilichozinduliwa mwaka 2006, kilijengwa kwa takriban dola bilioni 1, kikiwa na uwezo wa mapipa 34,000 kwa siku. Kiwanda cha Escravos nchini Nigeria kina uwezo unaokaribia huohuo, mapipa 33,000, na kinatumia ufundi wa kampuni ileile ya Sasol ya Afrika Kusini. Kilikadiriwa kugharimu chini ya dola bilioni 2. Kilipoanza kazi mwaka 2014, kilikuwa kimekula karibu dola bilioni 10.

Tuchukulie kwamba aliyetoa fedha anataka arudishiwe asilimia 10 tu ya mtaji kila mwaka, na kwamba mtambo haulali hata siku moja. Kwa hesabu yetu, kiwanda cha kwanza kinahitaji takriban dola 8 katika kila pipa ili kulipa mtaji. Cha pili kinahitaji takriban dola 83. Ufundi ni mmoja na ukubwa ni mmoja, lakini gharama imezidi mara kumi. Tofauti imeletwa na mahali, wakati, ucheleweshaji na usimamizi, mambo ambayo hakuna mhandisi awezaye kuyachora katika ramani ya kiwanda.

Basi tujumlishe. Kiwanda cha bei ya Oryx kikipata gesi ya dola 1, pipa lagharimu dola 18. Kiwanda cha bei ya Escravos kikipata gesi ya dola 3, pipa lagharimu dola 113. Na bado hatujaweka mishahara, vichocheo, maji na matengenezo.

Pipa hilo litauzwa kwa bei gani? Mwenye kiwanda hajui, kwa maana bei hupangwa na soko la dunia. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 115. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, lilishuka chini ya dola 20. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lilipita dola 120. Dizeli huuzwa juu kidogo ya mafuta ghafi, lakini huyafuata yanakokwenda. Anayejenga kiwanda cha kudumu miaka 25 anacheza bahati nasibu na bei ambayo katika miaka minane imepanda na kushuka namna hiyo.

Wenye fedha wameielewa hesabu hii. Kampuni ya Shell, iliyojenga kiwanda kikubwa kuliko vyote huko Qatar, kilichotoa shehena yake ya kwanza mwaka 2011, iliachana mwaka 2013 na mpango wa kujenga kingine kama hicho Marekani, baada ya kuona kwamba gharama ingepita dola bilioni 20. Sasol nayo iliachana na mpango wake wa Marekani mwaka 2017. Hata wale wanaosema tujenge mitambo midogo wasisahau ule uliojengwa Oklahoma: ulianza kutoa mafuta mwaka 2017, na mwaka 2018 ukafungwa.

4. Majirani zetu walijaribu

Ndugu waamini, tusidhani kwamba haya ni ya mbali. Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, ilijenga kiwanda cha kugeuza gesi kuwa mafuta huko Mossel Bay. Kilianza kazi mwaka 1992. Serikali ile haikutafuta faida. Iliogopa vikwazo vya kimataifa, ikataka mafuta ya ndani kwa gharama yoyote. Vikwazo viliondoka, kiwanda kikabaki mikononi mwa umma. Kisha gesi ya baharini ikaanza kupungua. Wakachimba visima vipya kwa fedha nyingi, navyo vikatoa sehemu ndogo tu ya kilichotarajiwa. Katika mwaka wa fedha 2014/15 shirika la umma linalokimiliki lilitangaza hasara ya randi bilioni 14.6. Mwishoni mwa mwaka 2020 mitambo ikanyamaza kwa kukosa gesi. Huo ni mnara uliokamilika, lakini mjenzi hakupima kama maji ya kisima yatatosha.

Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, ilipewa ndoto iliyofanana kabisa na ya kwetu. Januari 2017 serikali yake iliteua kampuni ya Shell ijenge huko Palma, Cabo Delgado, kiwanda cha kugeuza gesi kuwa mafuta mapipa 38,000 kwa siku, na kampuni ya Yara ijenge kiwanda cha mbolea. Kwa kiasi, gesi haikuwa tatizo. Kiwanda cha namna hiyo kikifanya kazi miaka 25 hutumia karibu futi za ujazo trilioni 3 na nusu tu, na Msumbiji inazo nyingi kuliko sisi. Lakini Oktoba 2017 mashambulizi ya watu wenye silaha yakaanza Mocímboa da Praia. Machi 2021 yakaufikia mji wa Palma wenyewe. Familia zilikimbia, nyingine zikavuka Ruvuma kuja kwetu. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake mkubwa wa gesi. Kiwanda cha dizeli hakikujengwa.

Hatusemi kwamba gesi ndiyo iliyoleta vita. Sababu za vita vile ni nyingi. Tunasema kwamba watu walioambiwa wao ni matajiri, huku hawaoni badiliko lolote, ni watu waliojeruhiwa mara mbili. Sisi wenyewe tulionja uchungu huo Januari na Mei 2013, pale wananchi wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha. Ahadi kubwa isiyoelezwa ni kuni kavu.

5. Dizeli ya nyumbani ingeuzwa bei gani Mbamba Bay?

Turudi kwa mwenye mashine ya kusaga. Yeye anafikiri kwamba dizeli ikitengenezwa Mtwara, bei itashuka Mbamba Bay. Tuchambue lita moja anayoinunua leo. Ndani yake mna bei ya soko la dunia, nauli ya meli, gharama za bandari, kodi na tozo za serikali, faida ya wauzaji, na nauli ya lori la kuitoa bandarini, kupita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga hadi ziwani. Kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo ya kila mji kwa kujumlisha mafungu hayo.

Kiwanda cha Mtwara kingeondoa fungu gani? Nauli ya meli peke yake. Kodi ingebaki. Nauli ya lori ingebaki. Na bei ya soko la dunia ingebaki pia, kwa kuwa mwenye kiwanda, awe mgeni au shirika letu wenyewe, hatauza kwa bei ya chini kuliko anayoweza kupata kwa kupakia melini. Akilazimishwa kuuza kwa bei ya chini, tofauti hiyo lazima ilipwe na mtu, na mtu huyo ni hazina ya taifa, yaani huyuhuyu mwenye mashine ya kusaga kwa mlango mwingine.

Wako watakaosema: "Je, uhuru wa taifa hauna thamani? Mwaka 2022 tuliona bei ilivyopanda kwa vita visivyotuhusu." Hoja hii ni nzito na tunaiheshimu. Nchi inayotegemea meli za wengine kwa kila tone la dizeli iko katika hatari. Tena kule Nigeria, kiwanda cha Escravos kilikusudiwa kutumia gesi ambayo vinginevyo ingechomwa ovyo hewani na kuwatesa wanakijiji. Hilo ni jema. Lakini uhuru ulionunuliwa kwa deni lisilolipika ni utumwa uliobadili jina. Wazee wa Umatengo wanakumbuka miaka ya 1990, ushirika wa kahawa ulipozama katika madeni. Mali ilikuwepo, kahawa ilikuwa nzuri, lakini hesabu zilikuwa mbaya, na aliyeumia ni mkulima.

6. Nani amebebeshwa hasara?

Hapa ndipo Tume ya Haki na Amani inapohusika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Mungu ameikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote, na Papa Paulo VI akalirudia fundisho hilo mwaka 1967 alipoandika juu ya maendeleo ya mataifa. Kwa kawaida tunalielewa kama fundisho la kugawana faida. Sisi twaona kwamba ni fundisho la kugawana hasara pia. Mkataba unaweza kuandika mgawo mzuri wa faida, asilimia hii kwa taifa na asilimia ile kwa mwekezaji, na bado ukawa wa dhuluma, iwapo kifungu kingine kimekwisha kumbebesha maskini hasara yote.

Taifa letu lina kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1995 mkataba wa umeme wa IPTL ulitiwa sahihi, na humo ikaandikwa kwamba shirika la umma litalipia uwezo wa mitambo hata pale umeme wake usipohitajika. Mitambo ilianza kazi mwaka 2002, na mwaka 2014 Bunge lilikuwa bado linagombana juu ya fedha za akaunti ya Escrow. Watoto waliozaliwa mkataba ule uliposainiwa walikuwa wamekwisha kufikia umri wa kupiga kura.

Kiwanda cha dizeli kina milango minne ambayo hasara hupenya kwenda kwa wananchi. Wa kwanza ni bei ya gesi: mwekezaji ataomba auziwe kwa bei ya chini sana. Gesi hiyo si ya bure. Kila dola iliyopunguzwa ni dola iliyotolewa sadaka na mwenye gesi bila kuulizwa. Wa pili ni dhamana ya serikali juu ya mikopo. Wa tatu ni misamaha ya kodi, ambayo huombwa mara bei ya mafuta inaposhuka. Wa nne ni ahadi ya kununua mafuta yote kwa bei iliyopangwa, hata yawe rahisi kiasi gani kwingine.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Hatupingi kiwanda. Tunapinga kiwanda ambacho hasara yake imekwisha kugawiwa maskini kabla faida yake haijaonekana. Mwenye kuamini kwamba dizeli ya gesi italipa, na aweke fedha zake, anunue gesi kwa bei ya haki, alipe kodi, abebe mwenyewe hatari ya soko. Akikubali masharti hayo, tumkaribishe kwa mikono miwili. Akikataa, ametujibu mwenyewe kwamba mnara haulipi.

Na ile talanta iliyofukiwa? Yule mtumishi alilaumiwa kwa kuwa angalau angeweza kuiweka kwa watoa riba, ikazaa. Lakini gesi iliyoko chini ya bahari haiozi kama usipa, wala hailiwi na nondo. Kusubiri mpaka hesabu ikubali si uvivu. Aliyefanya kosa kubwa kuliko yule mwoga ni yule ambaye angeikopea talanta ya bwana wake, akajenga nayo mnara nusu.

7. Mnara uliokamilika juu ya mto uleule

Isidhaniwe kwamba tunahubiri kukaa bure. Juu ya Mto Ruvuma huohuo, mahali paitwapo Tulila, masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa umeme wa maji wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO. Wakati ule Songea ilikuwa ikiwashwa kwa majenereta ya dizeli. Masista hawakuwa na futi trilioni za kitu chochote. Walikuwa na mto uliokuwa karibu, mnunuzi aliyejulikana, na ukubwa uliolingana na mahitaji. Mnara wao ulikamilika, na kila saa mtambo ule ulipozunguka, dizeli iliyoletwa kwa malori ilipungua.

Mwaka 2018 Songea ikaunganishwa na gridi ya taifa, na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ilitokana na gesi. Basi tuseme kweli: gesi ya Songo Songo imekwisha kufika kwetu, bila kugeuzwa dizeli, kupitia waya. Mashine ya kusaga inayozungushwa na umeme haiulizi bei ya pipa. Kwa hiyo, anayetaka gesi imsaidie mwananchi wa Ruvuma leo, apiganie kwanza waya ufike kijijini na usikatike. Pia aulize habari za mbolea, ambayo hutengenezwa kwa gesi na ambayo kupanda kwake mwaka 2022 kuliwaumiza wakulima wetu wa mahindi kuliko dizeli. Mbolea nayo ina soko la dunia na hesabu zake, hatuahidi muujiza. Lakini ni haki ihesabiwe kabla ya dizeli.

8. Makaa ya Ngaka

Kuna sababu ya mwisho inayolifanya jambo hili kuwa letu. Ufundi wa Fischer na Tropsch ulianzia katika makaa ya mawe, na Sasol ilianza kwa makaa ya mawe mwaka 1955. Sisi wa Mbinga tunayo makaa ya mawe Ngaka, yanayochimbwa tangu mwaka 2011, na malori yake tumeyaona yakipita. Siku moja huenda mtu akaja na michoro mizuri akasema: "Makaa yenu tutayageuza dizeli hapahapa." Siku hiyo tusiwe watu wa kupiga makofi tu, wala watu wa kurusha mawe. Tuwe watu wanaojua kuuliza. Kugeuza makaa kuna gharama kubwa zaidi ya kugeuza gesi, kunahitaji maji mengi, na moshi wake ni mzito zaidi. Papa Fransisko alitukumbusha mwaka 2015 kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi.

Sheria inatupa haki ya kuuliza. Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Sheria isiyodaiwa na wananchi hulala kama gesi.

Tunawaomba viongozi wa walei wayapeleke maswali haya katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na kila mbunge au diwani anayekuja kuongea habari za gesi au makaa aulizwe kwa heshima:

Kwanza, rasilimali yetu itauzwa kiwandani kwa bei gani, na bei hiyo imelinganishwa na nini?

Pili, nani amekopa, na nani amedhamini mkopo?

Tatu, bei ya mafuta duniani ikishuka hadi nusu, nani atalipa tofauti?

Nne, wanakijiji wanaohamishwa au kupata vumbi na moshi wamelipwa nini, na kabla ya kazi kuanza au baada?

Tano, fedha hizohizo zingefanya nini zingewekwa kwenye waya wa umeme, barabara au mbolea?

Mwenye kujibu maswali hayo matano kwa takwimu, tumsikilize hata usiku uingie. Asiyeweza, tumwombee na tumrudishe akaketi, ahesabu upya.

Amani ya Kristo ikae nanyi.